Kompyuta Inasema Mjomba Hajachanga

Kila ukoo una msuluhishi wake, una mganga wake wa siri, na siku hizi una mtu wake wa kompyuta. Huyu wa mwisho ndiye anayepigiwa simu printa ikigoma, king'amuzi kikiandika namba zisizoeleweka, mita ya umeme ikikataa tokeni, au simu ya bibi ikijaa picha za "Ijumaa Karim". Ukijitetea kwamba kazi yako ni kutengeneza tovuti, unaambiwa kwamba ukoo ulikusomesha ili uje kuwa msaada, haukukusomesha uje na masharti. Kwetu mtu huyo ni mimi. Ndiyo maana niliamka asubuhi moja nikakuta nimeongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati ya harusi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwenyekiti alikuwapo, katibu alikuwapo, mhazini alikuwapo, na mbele ya jina langu paliandikwa cheo kimoja tu: "Tovuti".

Tovuti yenyewe sikuitengeneza mimi. Aliitengeneza kijana mmoja hodari sana wa rangi na maua yanayodondoka kwenye skrini, akalipwa chake, akapata kazi mkoani, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kazi ya tovuti ilikuwa nyepesi. Mtu anaandika ahadi yake, mhazini anaingiza malipo yakifika, na anayetaka kujua hesabu yake anaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Mhazini alikuwa mama mkubwa. Mbali na tovuti, mama mkubwa alikuwa na kaunta buku lenye jalada jekundu, ambalo usiku alililalia chini ya mto. Hakuiamini tovuti hata dakika moja.

Wa kwanza kulipuka alikuwa mjomba. Ni mstaafu wa bandarini, na huongea na simu kwa sauti inayoweza kufika hata bila simu.

"Wewe! Kompyuta yako inasema sijachanga!"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Inasema sijachanga! Mimi! Mjomba mzima wa bwana harusi!"

"Umeliandikaje jina lako, mjomba?"

"Nimeliandika kama alivyonipa marehemu baba yangu!"

Tuseme jina lake ni Juma, nisije nikamwanika. Kwenye orodha alikuwa JUMA, kwa sababu katibu wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, huandika kila kitu kwa herufi kubwa ili watu wajue ni taarifa rasmi. Yeye mjomba alikuwa ameandika Juma, kwa sababu simu yake humkuzia herufi ya kwanza atake asitake. Mkewe alijaribu kumsaidia, akaandika juma, kwa sababu yeye simu yake ni ya zamani na haina adabu hizo. Wote wawili wakajibiwa kwa maneno mekundu: "Hakuna mchangaji mwenye jina hilo."

Wa kulaumiwa yuko mbali sana na kwetu Temeke. Wamarekani walipotoa toleo la kwanza la orodha yao ya kuzipa herufi namba, ile iitwayo ASCII, mwaka 1963, herufi ndogo hazikuwamo kabisa. Ziliingizwa kwenye toleo la 1967. A kubwa ilikuwa na namba 65, a ndogo wakaipa 97, na herufi zote zikafuata mwendo huohuo: kila ndogo iko hatua 32 mbele ya kubwa yake. Hizo hatua 32 ndani ya mashine ni biti moja, kijiswichi kimoja cha kuwasha na kuzima. Binadamu yeyote aliyepita darasa la kwanza akiona Juma na JUMA anaona mtu mmoja. Mashine inaona 74 ikifuatwa na 117, halafu inaona 74 ikifuatwa na 85, na inaapa kwamba hawa hawajawahi kukutana.

Nilifungua msimbo wa kijana wetu. Orodha yote alikuwa ameiweka kwenye faili la maandishi matupu. Angeiweka kwenye hifadhidata ya MySQL iliyosanikishwa kwa kawaida, ugomvi huu usingetokea, kwa sababu mpangilio wake wa kawaida wa kulinganisha maneno haujali ukubwa wa herufi. Lakini maua yalimchukulia muda mwingi. Utafutaji alikuwa ameufanya kwa regeksi. Kwa msomaji ambaye ukoo wake haujamteua: regeksi ni kanuni fupi ya alama inayoeleza umbo la maneno unayoyatafuta. Mwanahisabati Stephen Kleene aliiwazia katika miaka ya 1950 akishughulika na mambo yasiyohusiana na harusi, kisha mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha namna ya kuitumia kutafutia maneno ndani ya kompyuta, na tangu hapo imeingia kila mahali. Ukitaka kumtafuta Juma unaandika /Juma/, kati ya mikwaju miwili. Utampata Juma. JUMA na juma hutawapata.

Dawa yake ni herufi moja. Baada ya mkwaju wa mwisho unaongeza i: /Juma/i. Herufi hiyo ni agizo kwa mlinzi wa getini kwamba atazame sura, asitazame viatu. Katika programu ya zamani ya kutafutia maneno iitwayo grep, agizo hilo liliwahi kuandikwa y kabla halijawa i. Lugha ya PHP nayo ilikuwa na amri nzima kwa kazi hii, eregi, ambayo ilianza kuonywa mwaka 2009 na kufutwa kabisa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Nalitaja hilo kwa kuwa kijana wetu alikuwa amenakili somo la zamani kwenye ukurasa wa ramani ya ukumbi, na ukurasa huo ulikuwa mweupe pee. Kwa wiki kadhaa wanakamati walidhani ukumbi haujapatikana.

Basi nikaweka i. Nikampigia mjomba nikamwambia ajaribu tena, aandike atakavyo. Alijaribu nikiwa kwenye simu, mkewe pembeni, watoto nyuma. Safari hii tovuti ilimtambua bila kusita. Ikaandika: JUMA. Ahadi: 300,000. Kilicholipwa: 0.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mjomba anaamini kwamba ahadi ni deni, na mtu akishakuwa na deni la harusi basi ameshashiriki. Hatimaye alisema mtandao wa huko kwake haueleweki, akakata simu. Mama mkubwa alipopata habari hakushangaa. Kaunta buku lilikuwa linalijua hilo tangu mwezi uliotangulia.

Habari za ile i zikaenea. Binamu yetu anayesoma chuo, mtoto wa huyohuyo mjomba, akaomba "kunisaidia". Mtu wa kompyuta wa ukoo hana haki ya kukataa msaada, maana atasikia anataka sifa peke yake. Nikampa fomu ya kujiandikisha aiangalie, kwa kuwa mke wa mjomba alikuwa akilalamika kwamba inamkataa.

Na kweli ilimkataa. Kijana wa maua alikuwa amechora jina la Mtanzania namna hii: ^[A-Z][a-z]+$. Yaani herufi kubwa moja mwanzoni, ndogo tupu zinazofuata, basi, dunia imeishia hapo. Jina la ukoo la mke wa mjomba linaanza na Ng', na ile alama ya juu haimo kati ya a na z. Mwanamke amezaliwa na jina hilo, ana kitambulisho cha taifa chenye jina hilo, leo kisanduku kinamwambia "Jina si sahihi". Wenye Al- na kistari walikataliwa pia. Walioandika majina mawili walikataliwa kwa sababu ya nafasi katikati. Katibu, kwa herufi zake kubwa, alikataliwa kwa kila hali.

Binamu akatazama, akatabasamu tabasamu la mwaka wa pili wa chuo, akafuta mabano mawili akaandika moja: [A-z]. Akaniambia kwamba hapo amezikusanya zote, kubwa na ndogo, kwa mkupuo. Inavutia, na wakubwa kwa wadogo huiandika. Lakini Z kubwa ni namba 90 na a ndogo ni 97, na kati yao pana wapangaji sita ambao hakuna aliyewaalika: mabano mraba mawili, mkwaju wa nyuma, kofia, mstari wa chini na kialama kinachoegemea kushoto. Kwa hiyo fomu ilimkataa tena mke wa mjomba kwa sababu ya alama yake ya juu, lakini ingempokea kwa mikono miwili mgeni aitwaye [\]^_`, imwandikie kadi ya dabo na kumtengea meza.

Ningemwambia tu aweke i, lakini fomu ile ilikuwa inakagua kwa sifa ya HTML iitwayo pattern, na pattern haina mkwaju wa mwisho, kwa hiyo haina pa kuitundika i. Viwango vya JavaScript vya 2025 vimeruhusu kuandika (?i:...) katikati ya kanuni yenyewe, kabla ya hapo ulikuwa unaandika [A-Za-z] kwa mkono na kunyamaza. Kwa maoni yangu jina la mtu halistahili kukaguliwa kwa regeksi hata kidogo. Hakikisha kisanduku si kitupu, uondoe nafasi ambayo simu hupenda kuiacha mwishoni, halafu mwache mtu na jina lake. Ndivyo nilivyofanya, na mke wa mjomba akaingia.

Nikadhani tumemaliza habari ya herufi kubwa na ndogo. Asubuhi iliyofuata, mwenyekiti alinipigia akiwa ananong'ona, na mwenyekiti hanong'oni. Upande wa bibi harusi wamekasirika. Wamefungua tovuti wameona picha kubwa ya bwana harusi akiwa na suti, na mahali pa binti yao pana kisanduku kitupu chenye alama ya picha iliyovunjika. Baba wa binti ameuliza kama huo ndio ujumbe.

Picha ilikuwapo. Binamu alikuwa ameipandisha yeye mwenyewe, na kwenye kompyuta yake ilionekana vizuri, akanitumia na skrinishoti kuthibitisha. Tatizo ni kwamba kamera ilikuwa imeiita bibi.JPG na ukurasa ulikuwa unaita bibi.jpg. Kompyuta ya binamu ni ya Windows, ambayo kwa kawaida haijali majina ya mafaili yameandikwaje. Seva yetu, sawa na seva nyingi za tovuti duniani, ni ya Linux, na Linux inahesabu bibi.JPG na bibi.jpg kuwa mabibi wawili. Bwana harusi alinusurika kwa kuwa picha yake ilitumwa kwa WhatsApp, ikatoka huko na .jpg ndogo.

Jaribu kuwaeleza hayo wakwe. Mwenyekiti alijaribu, akafika kwenye neno "Linux" akaona nyuso za wazee akaacha. Ujumbe wa watu watatu ulikwenda na khanga doti mbili na kilo kadhaa za mchele, na picha ya binti ikawekwa juu ya ile ya bwana harusi, kubwa zaidi, ikabaki hapo hadi siku ya harusi. Binamu alikuwa ameshaanza kusoma habari za Nginx, programu ya seva, na alitaka kujua kama ile nyota ya ~*, inayoifanya seva isijali ukubwa wa herufi kwenye anwani, ingetuokoa. Isingetuokoa. Nyota hiyo humsaidia Nginx kuchagua kanuni ipi aifuate. Faili lenyewe litatafutwa kwa jina kama lilivyoandikwa. Ilitosha kubadili jina la faili. Khanga hazikurudi.

Sasa nifike kwenye matusi.

Chini ya picha kulikuwa na kisanduku cha salamu kwa maharusi. Jioni moja mtu asiyejulikana, ambaye upande wetu walidhani ni mchumba wa zamani na upande wa pili wakadhani ni wa kwetu, aliandika salamu za namna yake. Binamu akaruka kuweka kichujio: orodha ya maneno mabaya, regeksi moja, na kila neno baya ligeuzwe nyota nne. Yule mtu akarudi akaandika neno lilelile kwa herufi kubwa, likapita. Binamu akaongeza i. Yule mtu akakata tamaa akaenda zake, nasi tukalala.

Alfajiri katibu, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, alipandisha taarifa yake rasmi kuwakumbusha wote kwamba muda unakwisha. Ilisomeka: "NDUGU WANAFAMILIA, TUNAWAOMBA WOTE ****LIZIA MICHANGO KABLA YA IJUMAA."

Kwenye orodha ya binamu kulikuwa na neno moja la herufi nne ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mama yangu husoma ninayoandika. Neno hilo, bahati mbaya, limo zima zima mwanzoni mwa kitenzi ambacho hakuna kamati ya harusi inayoweza kuishi bila yake. Kama taarifa ingeachwa tu vile katibu alivyoiandika, hakuna ambaye angefikiri vibaya. Zile nyota ndizo zilizowafanya watu wafikiri. Simu zililia kutoka Tanga hadi Mbeya. Katibu mwenyewe, akiwa amefedheheka, akaandika ufafanuzi: "SIKUKUSUDIA ****ANISHA HIVYO." Huo ndio uliommaliza.

Si sisi wa kwanza. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walizuiwa kufungua akaunti kwenye huduma ya AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba ndani yake neno ambalo kichujio kililiona na wenyeji wa mji hawakuwahi kuliona. Tangu hapo ugonjwa huu unaitwa kwa jina la mji huo. Kiswahili kinaugua zaidi ya Kiingereza, kwa kuwa maneno yetu hujengwa kwa kuunganishwa. Dawa ya kawaida ni \b, alama inayosema "hapa ndipo neno linapoanza au kuishia". Tukaiweka, na heshima ya katibu ikarudi. Lakini \b huyohuyo akikutana na neno la kawaida la tusi jepesi, tuseme "jinga", atamwacha mjinga apite, na wajinga, na ujinga wao wote, maana kwa Kiswahili jinga mara nyingi huja na kiambishi mbele.

Mama mkubwa aligundua upande wa pili wa jambo hilo bila kufundishwa. Alitaka ujumbe wote wa waliochanga, akaandika "changa" kwenye kisanduku. Ukitumia \b unawakosa waliosema "nimechanga" na "tutachanga". Usipoitumia unapata kila kitu. Alipata "changamoto za usafiri", alipata dada mmoja mwenye "kichanga" anayeomba asikae karibu na spika, na alipata fundi anayekarabati nyumba ya familia, aliyeandika: "Mchanga lori moja nimeshaleta." Huyo wa mwisho alisomwa kwenye kikao na kupigiwa makofi kwa mchango wake. Siku alipoleta ankara ya lile lori, kamati ilimwona mtu kigeugeu.

Tulikuwa pia na ndugu wa nje. Dada yetu mmoja anasoma Ankara, na simu yake imezoea Kituruki. Waturuki wana i mbili tofauti: yenye nukta, ambayo ikiwa kubwa hubaki na nukta yake, İ, na isiyo na nukta, ı, ambayo kubwa yake ni ile I yetu sote. Dada akamtafuta kaka yake Idrisa, simu ikamwandikia İdrisa, tovuti ikamwambia hayupo. Pamoja na i yangu nyuma ya mkwaju! Kwa regeksi ya kawaida, İ yenye nukta si kubwa ya i yetu, ni mgeni kabisa. Kwa upande mwingine, ukiongeza u baada ya i katika JavaScript ili ielewe herufi za dunia nzima, inaanza kukubali undugu ambao hukuutegemea: alama ya Kelvin, kile kipimo cha joto, inahesabiwa kuwa k. Mchezo huu una hasara za kweli. Mwaka 2013 kampuni ya muziki ya Spotify ilieleza hadharani jinsi mtu alivyoweza kujiandikisha kwa jina la herufi ndogondogo za kuinuliwa, ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ, akaomba nywila mpya, na mfumo ukampa akaunti ya bigbird halisi, kwa kuwa hatua moja ya kuyasawazisha majina iliwaona wawili na hatua nyingine ikawaona mmoja.

Ndugu wa Muscat hawakutusumbua. Babu mmoja huko aliandika ahadi yake kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kiarabu hazina kubwa wala ndogo. Wahenga wa Pate na Lamu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo karne kadhaa, tenzi kwa tenzi, bila mtu kuulizwa kama jina lake linaanza na kubwa. Babu alituma pesa siku hiyohiyo.

Ikafika siku yenyewe. Binamu alikuwa ametengeneza ukurasa wa mlangoni: mhudumu anaandika jina la mgeni kwenye simu, anabonyeza "Hakiki", inatokea "Yupo" au "Hayupo". Nilimwomba niuone, akasema ni mistari michache tu, nisijisumbue. Foleni ilipoanza kuwa ndefu niliitwa mlangoni. Mama mmoja aliyevaa dera la kijani alikuwa amesimama na zawadi mkononi, na mhudumu ametoa macho.

"Kaka, hii simu ina jini."

Akabonyeza. Yupo. Akabonyeza tena, jina lilelile, hajagusa kitu. Hayupo. Akabonyeza mara nyingine. Yupo.

"Mama huyu yupo au hayupo?" aliuliza mtu wa nyuma kwenye foleni, na mama wa dera la kijani akamgeukia kwa namna iliyoonyesha kwamba yupo sana.

Nyuma ya mkwaju binamu alikuwa ameandika gi. Hakuhitaji g, aliiona kwenye mifano akadhani i haitembei peke yake. Kumbe katika JavaScript g inamaanisha "tafuta kote", na regeksi yenye g hukumbuka ilipoishia mara ya mwisho. Ukiiuliza kwa amri ya test, inampata mgeni na kuweka alama mwisho wa jina. Ukiiuliza tena inaanzia kwenye alama hiyo, mbele haioni kitu, inasema hayupo, inafuta alama. Ya tatu inaanza upya. Majini wote waliokuwa mlangoni ni herufi hiyo moja. Nilikuwa naifuta kwa kidole gumba huku watu wananisukuma, na kabla sijamaliza mama mkubwa akatokea kwa ndani, kavaa kitenge cha kamati, kaunta buku kwapani. Akafungua, akapitisha kidole, akaita majina. Foleni ikaisha kabla ukurasa wangu haujafunguka upya. Mjomba aliingia naye. Alikuwa amelipa mlangoni, taslimu, na mama mkubwa akamwandika kwa kalamu ya bluu.

Baada ya harusi ndugu wameipenda sana ile i, wanataka iwekwe kila mahali. Mjomba amependekeza hata nywila zisijali herufi kubwa na ndogo, kwa sababu huwa anasahau. Nimemkatalia. Nywila ya herufi nane ikiacha kutofautisha kubwa na ndogo, anayebahatisha anapunguziwa kazi mara 256, na mjomba kwa hali yake ya sasa ametumia jina la mjukuu. Barua pepe ni jambo la katikati: sehemu iliyo baada ya @ haijali kabisa, sehemu ya mbele kwa mujibu wa kanuni za mtandao ina haki ya kujali, lakini huduma kubwa zote ninazozijua hazijisumbui. Majina ya mafaili mimi nayageuza yote kuwa madogo kabla hayajapanda kwenye seva, na nawashauri wenye wakwe wafanye hivyo.

Ninalowaomba wenzangu mnaotengeneza fomu ni moja. Lihifadhini jina kama mwenyewe alivyoliandika, mkilitafuta wekeni i, na g muiache mpaka muwe na sababu. Halafu yaondoeni yale maneno mekundu juu ya fomu, "TUMIA HERUFI KUBWA TU". Kugeuza ndogo kuwa kubwa ni mstari mmoja wa msimbo. Msimpe kazi hiyo mstaafu anayetafuta miwani.